Mwasisi na Sufuria za Kambi

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika masjala ya ofisi ya wilaya, chumba kisicho na dirisha ila tundu la hewa juu ya kabati, na katika miaka yote hiyo hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Yalipotea mengi, tena makubwa makubwa, lakini yalipotea mezani kwa wakubwa. Yeye alikuwa na daftari la kuonyesha nani alilichukua, tarehe gani, na alijibu nini alipoulizwa. Kwa sababu hiyo wakubwa walimheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani. Wenzake walimwita Bi Masjala, na alipostaafu jina likamfuata hadi nyumbani, kwa mawifi, kwa wajukuu, mpaka kwa muuza mkaa.

Kaka yake mkubwa naye alikuwa mstaafu, ila wa aina nyingine. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na tangu aache kazi hakuwa amepata mtu wa kumwambia kwamba kengele ya kumaliza imeshagongwa. Akiomba chumvi mezani, utadhani anafungua mahafali. Ukoo ulimchagua kuwa mwenyekiti katika kikao alichokiitisha mwenyewe, akakiongoza mwenyewe, na mwishoni akajipongeza.

Basi siku moja halmashauri ikatangaza kwamba barabara zote zisizo na majina zitapewa majina. Barabara kuu ya mtaa wao, ile inayotoka sokoni ikapinda kona kubwa mbele ya nyumba zao kisha ikanyooka tena, itapewa jina la mtu aliyeanzisha mtaa. Wanaomjua walete historia yake, kurasa mbili tu, pamoja na ushahidi wa maandishi.

Tangazo hilo lilitua mtaani kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Pale mtaani zilikuwapo koo mbili, moja upande huu wa barabara na nyingine upande ule, na kila mmoja ulijiita mwenyeji ukauita mwenzake mgeni. Upande huu walidai baba wa babu yao ndiye aliyefika kwanza. Upande ule, ukoo wa mafundi cherehani, walisema la, wa kwetu ndiye aliyefika kwanza, tena alikuwa mpima ardhi mwenye barua ya kuteuliwa. Walikuwa wakibishana hivyo kwenye harusi na misiba, na hata kwenye foleni ya maji.

Mwalimu Mkuu akaitisha kikao sebuleni kwake, akasimama mbele ya kochi.

"Dada yangu," alimwambia Bi Masjala mbele ya watu wote, "wewe ndiye mtu wetu wa makaratasi. Historia tunayo tayari, imo vichwani. Wewe tafuta karatasi za kuiunga mkono tu."

"Na karatasi zikisema vingine?"

"Karatasi za ukoo wetu haziwezi kutusema vibaya," akajibu Mwalimu Mkuu, na watu wakapiga makofi.

Historia yenyewe kila mtoto wa ukoo aliijua. Mwasisi alifika peke yake, kwa miguu, panga mkononi. Akakuta msitu mnene. Akafyeka. Akatokea simba, akamuua. Hapo nyumba ya wakubwa walihesabu simba mmoja, na nyumba ya wadogo simba wawili na chui. Pale simba alipoanguka ndipo barabara inapopinda mpaka leo, kwa heshima. Akachimba kisima, akajenga nyumba, akaoa. Bibi yao mkuu aliingia katika historia kwa neno hilo moja, akaoa, na kwa neno hilohilo akatoka.

Bi Masjala alianzia kwa binamu yake kinyozi, ambaye alikuwa ametundika picha ya Mwasisi juu ya kioo cha kunyolea. Mzee wa kofia pana, mkono juu ya kiti, uso wa mtu aliyekatazwa kupumua. Bi Masjala akaishusha, akaitoa kwenye fremu, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio na mwaka.

"Mwaka ulioandikwa hapa, Mwasisi alikuwa ameshakufa miaka kumi," alisema.

Kinyozi akaacha kunoa wembe. "Sasa huyu ni nani?"

"Sijui. Labda mteja wa studio aliyesahau picha yake."

"Lakini wateja wangu wameshamzoea," kinyozi akalalamika, na picha ikarudi ukutani.

Kutoka hapo akaenda kwa shangazi yao, mdogo wa mwisho wa baba yao, mama wa karibu miaka tisini ambaye masikio yalikuwa yamechoka lakini ulimi bado ulikuwa kazini. Shangazi akamwelekeza chini ya kitanda, kwenye kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vifungo vya shati, miwani isiyo na mikono, kadi mbili za kliniki, cheti cha shule cha mtu asiyejulikana, na katikati ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, kadi ya kazi, ngumu kama gamba, yenye jina la Mwasisi na muhuri wa wapima ardhi.

Bi Masjala aliivaa miwani yake akasoma. Kisha akaivua, akaipangusa, akasoma tena.

*Kazi: mpishi wa kambi. Mwenendo: mpole, uji wake hauna madonge. Angalizo: asitumwe mbali peke yake, hupotea.*

"Shangazi," aliita kwa sauti ya kupita masikioni, "babu yako alikuwa mtu wa kupotea njia?"

"Kupotea?" Shangazi akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Babu alikuwa akitoka kwenda chooni, tunamtuma mtu amfuate!"

"Na mbona hamkusema siku zote hizo?"

"Nani aliniuliza? Kaka yako akija hapa anazungumza, mimi namwitikia. Akishamaliza anaaga."

Bi Masjala hakumwambia kaka yake kitu. Kesho yake asubuhi alivaa viatu vyake vya ofisini, akapanda hadi ofisi ya ardhi, kwenye ghala la nyaraka, ambako mtunza nyaraka alikuwa mtu wa zama zake. Waliwahi kugombania faili moja kwa barua za miezi minane, na tangu hapo wakapendana. Akampa mwaka na jina la kambi kama lilivyoandikwa kwenye kadi. Mtunza nyaraka akaingia ndani, akakohoa huko kwa muda wa kutosha, akarudi na jalada lililofungwa kwa kamba.

Juu lilikuwapo daftari la kambi, mwandiko wa karani mmoja makini, kila siku mstari wake.

*Jumanne. Ndoo imetoboka. Mpishi ametumwa kuteka maji kwa sufuria tatu. Hajarudi.*

*Jumatano. Mpishi hajarudi. Tumekula biskuti.*

*Alhamisi. Mpishi hajarudi. Sufuria pia. Biskuti zimekwisha.*

*Ijumaa. Mbeba minyororo ya kupimia ametumwa kumtafuta mpishi, na hasa sufuria.*

*Jumatatu. Mbeba minyororo hajarudi.*

Bi Masjala aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amefanya kazi na makarani maisha yake yote, akaujua uchungu wa mtu aliyeandika neno *hasa* kwa tumbo tupu.

Chini ya daftari palikuwa na barua, ya miezi mitatu baadaye, iliyoandikwa na mwandishi wa kuajiriwa kwa niaba ya Mwasisi, kwenda kwa mkubwa wa kambi.

*Bwana Mkubwa, mimi sikutoroka. Niliufuata mto, mto ukaisha. Nikageuka, nako nyuma hakukuwa kule nilikotoka. Siku ya tatu niliona moshi. Nilikuta nyumba, na kisima, na shamba la mtama, na mama mmoja ameshika shoka. Nikapiga hodi. Akasema sufuria hizo zimeshika ukoko, osha kwanza. Nikaosha. Akasema kaa. Nimekaa. Mbeba minyororo naye amefika, hajambo, anawasalimu. Sufuria mbili nazirudisha kwa mchukuzi wa barua hii. Moja naomba nibaki nayo.*

Pembeni mkubwa wa kambi alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: *Abaki.* Haikueleweka kama alimaanisha mpishi au sufuria.

"Huyu mama ni nani?" akauliza Bi Masjala, kama vile mtunza nyaraka angeweza kumjua.

"Hebu tutazame ramani," mtunza nyaraka akasema. "Hawa wapimaji walikuwa wakichora kabla ya kuweka kambi."

Ramani ilikuwa ya penseli, imepigwa muhuri na kutiwa tarehe, miezi mitano kamili kabla ya ile Jumanne ya ndoo kutoboka. Mto ulionekana, kilima kilionekana, na mstari wa barabara waliyokusudia kuikata, ulionyooka kama rula. Katikati ya mahali patupu palikuwa na duara dogo, na maneno: *Kisima cha Mama Mkali.* Hapo mstari uliochorwa kwa rula ulikuwa umefutwa na kuchorwa upya, ukapinda. Chini yake karani aliandika: *Mwenye mahali amekataa barabara ipite katikati ya mtama wake. Tumezunguka.*

Bi Masjala akavuta kiti akaketi. Ile kona alikuwa akiipita tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliipita akienda shule, akienda kuolewa, akienda kazini miaka thelathini na mmoja, na kila mara aliambiwa ni ya simba. Kumbe ilikuwa ya mtama. Mwanamke mmoja alisimama shambani kwake na shoka, akawaambia wapimaji wa serikali hapana, nao wakaona heri wazunguke. Na ukoo wake mwenyewe ulimwandikia neno moja, akaoa, kama mtu aliyechukuliwa dukani.

"Maji?" akauliza mtunza nyaraka.

"Nipigie nakala," alisema Bi Masjala. "Zote. Na muhuri uonekane vizuri."

Mwalimu Mkuu alizisoma nakala hizo akiwa wima sebuleni kwake, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoshuka, mpaka akawa kochini.

"Mpishi," alisema mwishoni.

"Mpishi mzuri. Uji hauna madonge."

"Mpishi aliyepotea! Dada, hebu fikiri. Barabara ni kitu cha kuelekeza watu. Halmashauri itaweka vipi kibao cha mtu aliyepotea njia?"

"Ndiyo maana nasema si yake. Mwanzilishi ni bibi."

Mwalimu Mkuu hakusikia, au alisikia akaacha lipite. Alikuwa ameshachukua kalamu. "Tuandike hivi. Alikuwa mtaalamu wa lishe katika msafara wa kisayansi. Akajitenga na msafara ili kufanya uchunguzi wake binafsi."

"Na sufuria?"

"Vifaa vya utafiti."

"Kaka, mimi nitaandika kilichoandikwa."

"Wewe kila siku mkali!" alifoka Mwalimu Mkuu. Siku ya kumuaga Bi Masjala ofisini, mkubwa wake alitumia neno hilohilo katika hotuba, alikuwa mkali kidogo lakini mchapakazi, na watu wakacheka, naye akaenda nyumbani na zawadi ya saa ya ukutani na moyo mzito. Safari hii halikumchoma. Alikunja nakala zake, akaaga kwa adabu zote, akatoka.

Siku mbili baadaye alisikia hodi asubuhi. Mlangoni alisimama Mzee Fundi, mkubwa wa ukoo wa upande ule, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni na fremu kubwa ya kioo kwapani. Katika umri wao wote hakuwahi kuvuka barabara kuja nyumba hii isipokuwa kwenye msiba.

"Bi Masjala, nasikia unasoma miandiko ya zamani," alianza kabla hata ya kukaa. "Hii ndiyo barua ya babu yetu ya kuteuliwa. Halmashauri wanataka ielezwe inasemaje. Sisi tunaujua muhuri tu. Maneno hakuna anayeyaweza."

Ni kweli, barua ilikuwa imekunjwa ndani ya fremu hivi kwamba muhuri na tarehe tu ndivyo vilivyoonekana. Bi Masjala akamwomba ruhusa, akaifungua, akaikunjua taratibu. Alipoona mwandiko akaujua mara moja. Ulikuwa wa yuleyule karani wa biskuti.

"Nisome kwa sauti?"

"Soma, dada. Nasubiri hili tangu utoto."

Bi Masjala akakohoa kidogo. "*Kwa mbeba minyororo. Nenda ukamtafute mpishi. Ukimpata, mrudishe. Usipompata, rudisha sufuria.*"

Mzee Fundi akasogea karibu. "Endelea."

"Imeisha."

"Haisemi mpima ardhi?"

"Inasema mbeba minyororo. Ile minyororo ya kupimia."

Mzee wa watu akaitazama futi iliyokuwa shingoni mwake, akaivua, akaiweka mfukoni. Bi Masjala akamhurumia, akamletea chai, kisha akamwekea daftari la kambi mbele yake na kumsomea mstari kwa mstari. Walipofika Jumatatu, mabega ya Mzee Fundi yakaanza kutikisika, na Bi Masjala akadhani analia. Alikuwa akicheka. Akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema akifuta macho, "tunagombana nani alifika kwanza, kati ya aliyepotea na aliyetumwa kumtafuta!"

"Na wote wawili waliamriwa kuosha vyombo na bibi yetu," akasema Bi Masjala, akimwonyesha barua ya mpishi na jina kwenye ramani.

"Huyo Mama Mkali..." Mzee Fundi akasita. "Unajua, kwetu husemwa kwamba bibi yetu, aliyeolewa na huyu wa minyororo, alikuwa na dada yake mkubwa mkali ajabu. Alimwambia mchumba, ukimtaka mdogo wangu, kwanza malizia uzio. Hatukuwahi kuambiwa ni dada gani."

Bi Masjala akaweka kidole kwenye duara la ramani.

"Basi sisi ni ndugu," alisema Bi Masjala.

"Usiwaambie haraka. Wataanza kugombana upya, sasa kindugu."

Waliandika ombi moja la koo mbili, wakaweka nakala ya ramani juu kabisa, wakaenda pamoja halmashauri. Afisa wa majina ya barabara alikuwa na tai iliyobana na fomu iliyobana zaidi.

"Hapa pana tatizo," alisema akipitisha kidole. "Fomu ina nafasi ya jina la mwasisi, na chini yake nafasi ya jina la mke wake. Nafasi ya mume wa mwasisi haipo."

"Kata neno mke, andika mume, weka sahihi yako pembeni," akasema Bi Masjala.

"Mama, fomu haikatwi hivi hivi."

"Mwanangu, fomu hukatwa kwa mstari mmoja, neno la zamani libaki linasomeka, na aliyekata husaini pembeni na tarehe. Hukufundishwa? Nilikuwa nikirudisha mafaili ya watu wakubwa kuliko wewe kwa kosa hilo."

Afisa akatazama muhuri wa ramani, akatazama viatu vya Bi Masjala, akakata kwa mstari mmoja akasaini. Mwezi ulipokwisha barua ikatoka: barabara itaitwa Barabara ya Mama Mkali, na wenyeviti wa koo zote mbili wanaalikwa kusema machache siku ya kibao.

Bi Masjala alitegemea vita. Alimkuta kaka yake mezani, mtulivu, karatasi saba za hotuba mbele yake na kalamu mkononi.

"Hii si ile historia ya Mwasisi?" aliuliza.

"Ndiyo hiyohiyo. Nimeshairekebisha." Mwalimu Mkuu akamwonyesha kwa fahari ya mtu aliyegundua jambo. "Lugha yetu ni tamu, dada. Alifika peke yake, alifyeka msitu, alichimba kisima. Hakuna hata kitenzi kimoja cha kubadilisha! Penye babu nimeandika bibi, basi."

Bi Masjala akapitisha macho. "Na akaoa?"

"Akaolewa. Hicho kimoja ndicho kilichonisumbua."

"Simba bado yumo."

"Na kwa nini asiwemo?"

"Hayumo kwenye karatasi hata moja, kaka."

"Hakuna pia karatasi inayosema hakuwapo."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali na turubai halikutosha. Mzee Fundi alisema dakika mbili akakaa. Mwalimu Mkuu alisema dakika hamsini. Mama Mkali alifika, alifyeka, alimwinda simba kwa shoka, na kwa vile nyumba ya wadogo walikuwa wamekaa mbele, aliongezewa chui. Umati ukalipuka kwa vigelegele. Shangazi, aliyeletwa kwenye kiti chake, aliuliza kwa sauti ya juu huyu anayesifiwa ni nani, akaambiwa ni bibi yako, akasema, "Ah, yule! Alikuwa akitupiga kwa mwiko," na waliokuwa karibu wakajifanya wanakohoa.

Mtaa ulibadilika kwa kasi ya kushangaza. Wanaume ambao jana waliapa kwa Mwasisi, leo waliapa kwamba wamerithi paji la uso la Mama Mkali. Kinyozi aliiacha picha ya mzee wa kofia pale pale juu ya kioo, akabadilisha maandishi tu: *Mume wa Mwasisi.* Mabinti wa ukoo, wakiambiwa wanajibu sana, sasa walikuwa na la kujibu. Na Mwalimu Mkuu alianza kuwaeleza wageni jinsi alivyoupigania ukweli huo dhidi ya upinzani mkubwa ndani ya familia.

Bi Masjala alimsikia akisema hivyo mara mbili. Mara ya tatu alirudi nyumbani, akaketi mezani, akaandika kurasa mbili. Aliandika mpishi, ndoo, mbeba minyororo, mtama na shoka. Msitu hakuuandika, kwa kuwa ramani ilionyesha shamba. Simba hakumwandika. Alipofika kwa bibi alitaka kuandika alikotoka na kwa nini alikuwa peke yake, lakini hakuna karatasi iliyosema, naye hakuwa mtu wa kubuni. Aliandika: *Kabla ya hapo haijulikani. Anayejua aongeze,* akaacha chini nafasi ya nusu ukurasa, tupu.

Asubuhi akazipeleka masjala ya halmashauri. Karani, mama wa makamo mwenye kalamu nywelini, alilitoa faili la barabara.

"Lakini humu tayari kuna hotuba ya Mwalimu Mkuu, mama. Na hii yako inapishana nayo kila mahali."

"Naona. Iweke juu yake, uipe namba inayofuata."

Karani akapiga muhuri wa kupokea, akaandika namba, akasaini nakala ya Bi Masjala bila kuombwa. Alifanya kazi safi, na Bi Masjala akamwambia hivyo. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akavua viatu, akamwambia mkwe wake kwamba Mwalimu Mkuu akipiga simu aambiwe amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na kweli akalala.